Shajara ya mradi: zana za kulimia za trekta dogo, mpya au zilizotumika

Siku ya 1

Trekta limefika. Lina nguvu ya farasi 24 na nyuma yake hakuna hata zana moja. Asubuhi nzima nimelizunguka na tepu na daftari, kwa sababu nimejiapiza nisinunue kitu kabla sijajua trekta lenyewe linataka nini. Ninahitaji zana tatu: plau ya kuvunja shamba lililolala miaka mingi, haro ya diski ya kuvunja mabonge, na rotaveta ya kulainisha vitalu vya mbegu. Fedha iliyopo inatosha zana mbili mpya, au tatu zilizotumika pamoja na akiba ya matengenezo.

Vipimo nilivyoandika ni hivi. Upana wa matairi ya nyuma, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje: sentimita 122. Pini za mikono miwili ya chini inayobeba zana: milimita 22. Pini ya mkono wa juu: milimita 19. Hiyo ni Kategori 1, saizi ya matrekta mengi ya kimo hiki. PTO, yaani sehemu ya nyuma ya trekta inayozungusha zana, inazunguka mara 540 kwa dakika na shafti yake ni ya inchi 1⅜ yenye meno 6. Kitabu cha trekta kinatoa uwezo wa kunyanyua mara mbili: kilo 600 kwenye ncha za mikono, na kilo 400 ukipima sentimita 61 nyuma ya hapo. Ninaifuata ya pili, maana uzito wa zana hauketi kwenye pini, unaketi nyuma yake.

Zana ya zamani kuweza kuvaa trekta la leo ni deni letu kwa Harry Ferguson wa Ireland. Mfumo wake wa mikono mitatu ulipoingia kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939 ulianza kuenea duniani kote, na ndio maana leo ninaweza kwenda kutazama plau iliyotengenezwa kabla sijazaliwa nikiwa na matumaini kwamba itaingia.

Siku ya 3

Nimetazama plau ya kwanza iliyotumika. Chuma kizito, majembe mawili, kila moja likikata sentimita 35. Muuzaji kaniambia, "Mzee, pini tu ndizo kubwa, utabadilisha."

Pini zake zilikuwa milimita 28, yaani Kategori 2. Kweli pini hubadilishwa, hilo halina shida. Shida ni kwamba plau hiyo imezaliwa kwa trekta lenye nguvu mara mbili ya langu. Kukata upana wa sentimita 70 kwenye ardhi ngumu kungeyafanya matairi yangu yazunguke papo hapo bila kusogea, na kama si hivyo pua ya trekta ingeinuka. Nimeiacha. Bei ilikuwa nzuri, na niliitazama mara mbili nilipokuwa naondoka.

Siku ya 6

Plau nyingine, ya jembe moja la sentimita 30, pini za Kategori 1. Hii nimekaa nayo karibu saa mbili, na muuzaji, Mungu ambariki, aliniachia niiguse nitakavyo.

Kwanza nililaza ubao ulionyooka chini ya plau, kutoka ncha ya wembe, chuma kinachokata udongo, hadi kisigino cha bamba la ubavuni, lile linaloegemea ukuta wa mfuo. Plau nzima huwa na mwanya mdogo hapo katikati, kwa kuwa ncha ya wembe imeelekezwa chini kidogo. Mwanya huo ndio unaoivuta plau kuingia ardhini. Hii haikuwa nao hata chembe. Wembe ulikuwa umeliwa hadi ncha ikawa mviringo kama kidole gumba. Mtu asiyejua angeiburuta shambani, ikateleza juu juu, kisha akalaumu trekta.

Kisha nikapima fremu kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Tofauti ilikuwa milimita 3, na hiyo naipokea. Nikainama nyuma ya kila kiungo kutafuta ufa au mahali palipochomelewa. Nikaona mahali pamoja palipochomelewa, pa zamani, pamekaa vizuri. Bamba la kugeuzia udongo lina kutu ya juu na vishimo vidogo vidogo, lakini halijatoboka wala kuwa jembamba.

Kwa hiyo kilichochakaa ni wembe na bamba la ubavuni, na vyote viwili vimetengenezwa ili vichakae na kubadilishwa. Swali likabaki moja: je, wembe wake bado unapatikana? Nikaweka karatasi juu ya matundu ya bolti, nikasugua kwa penseli hadi alama zikatoka, nikaandika umbali kati ya tundu na tundu. Nikaenda na karatasi hiyo kwa wauza vipuri. Wa tatu alitoa wembe unaolingana tundu kwa tundu. Nilirudi nikalipia plau siku hiyohiyo. Kama wembe usingepatikana nisingeichukua hata kwa bei ya chuma chakavu.

Siku ya 8

Bolti za wembe zimeshika kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na chuma. Mafuta ya kulegeza usiku mzima, asubuhi moto, mbili zikatoka, mbili zikakatwa kwa grenda. Mpya lazima ziwe na kichwa bapa kinachozama na shingo ya mraba. Ukiweka bolti ya kichwa cha kawaida udongo unakisaga ndani ya siku chache, tena kinakusanya nyasi.

Mchana wote msasa kwenye bamba la kugeuzia. Kutu ikibaki, udongo unanata badala ya kuteleza, na plau inakuwa nzito kuvuta.

Siku ya 9

Mvua. Sikufanya kitu.

Siku ya 12

Jaribio la kwanza la plau. Kabla ya kuingia shambani nilipandisha magurudumu mawili ya kushoto juu ya magogo ya sentimita 15, kana kwamba ya kulia yamo ndani ya mfuo, nikarekebisha mkono wa kulia wa chini hadi fremu ikalala sawa na sakafu. Hiyo kazi ukiifanya uani inakupunguzia nusu ya mateso ya shambani.

Mfuo wa kwanza wa sentimita 10 tu. Nikafupisha mkono wa juu mizunguko miwili, ncha ikainama, plau ikazama hadi 16. Udongo ulianza kunata, kisha kadiri chuma kilivyong'aa ukaanza kupinduka kama ukurasa. Nilisimamisha trekta nikashuka kuutazama ule mkato. Ukuta wa mfuo umenyooka, chini pako bapa, majani yamefunikwa yote.

Zana ya kwanza imekamilika, imetumika, na imenigharimu chini ya nusu ya plau mpya hata baada ya vipuri.

Siku ya 15

Leo haro, na hapa nimebadilisha mawazo niliyoanza nayo. Nilikuwa nimeshaamua kuchukua haro mpya, kwa kuwa ina beringi nyingi na beringi za zamani naziogopa.

Haro mpya niliyoonyeshwa ina diski 12 za sentimita 41 na uzito wa kilo 150. Rangi safi, beringi zimefungwa, kila kitu kimenyooka. Nikafanya hesabu pale pale: kilo 12 na nusu kwa kila diski. Haro ya diski haivutwi kuingia ardhini kama plau; kinachoizamisha ni uzito wake na mshazari wa safu za diski. Juu ya mabonge makavu haro nyepesi inarukaruka na kuchora mistari tu. Nilipoishika fremu kwa mkono na kuitikisa, bomba lake la mraba lilikuwa jembamba.

Ya zamani ina diski 12 pia, lakini uzito ni kilo 235, karibu kilo 20 kwa diski. Inabaki ndani ya uwezo wa trekta langu wa kunyanyua. Diski zilikuwa sentimita 46 zilipotoka kiwandani, sasa nimepima 42 hadi 43. Zimepungua, ila zimepungua kwa usawa, na hazina ufa kwenye tundu la katikati.

Muuzaji alikubali tuiinue kwa jeki. Nilishika kila safu kwa mikono miwili nikaisukuma juu na chini, mbele na nyuma. Safu tatu zimetulia. Ya nne, ya nyuma kushoto, inacheza. Nikaizungusha taratibu, sikio karibu na nyumba ya beringi: kama mchanga ndani ya kopo. Beringi imekufa. Lakini namba iliyochongwa pembeni mwake inasomeka, na ni saizi inayopatikana kwa urahisi. Nikakagua pia nati kubwa ya mwisho wa ekseli ya mraba, kwa sababu ikilegea muda mrefu diski zinacheza juu ya ekseli na tundu la mraba linageuka kuwa duara. Zote zimekazwa.

Mtu anayetaka ile mpya anaweza kuiwekea mizigo juu, na wengi hufanya hivyo. Ila fremu nyembamba ukiibebesha mifuko ya mchanga na kuiburuta kwenye visiki, sina imani nayo. Nimechukua ya zamani.

Siku ya 17

Nimekosea, na ninaandika ili nisisahau. Leo nikiwa naitoa ile beringi nilikwangua rangi kwenye kiungo cha mkono wa juu wa haro. Chini yake kuna ufa wa urefu wa kidole, unaofuata ukingo wa mahali palipochomelewa. Rangi ya kiungo hicho ilikuwa mbichi kuliko ya fremu nyingine. Niliiona tofauti hiyo siku nanunua, nikajiambia ni matunzo tu. Rangi mpya sehemu moja tu ya zana ya zamani ni swali, na ilinibidi niliulize palepale, kwa kisu.

Fundi wa kuchomelea alifuata ufa kwa grenda hadi ukaisha, akaufungua kama mfereji, akachomelea tabaka kwa tabaka, kisha akaongeza bamba la kuimarisha pande zote mbili. "Ukijaza juu tu bila kuufungua," alisema, "ufa unabaki chini unakusubiri." Kazi ya nusu siku. Hata baada ya gharama hiyo haro imebaki rahisi kuliko mpya, ila ule ufa ungekatika nikiwa mteremkoni ningekuwa naandika habari nyingine.

Siku ya 21

Rotaveta iliyotumika. Inauzwa nusu ya bei ya mpya na nilikwenda nikiwa na hamu ya kuipenda, kwa vile plau na haro zimenipa moyo. Fundi wangu nilikwenda naye.

Visu vimekwisha, na hilo halikunishtua. Visu vya rotaveta vina umbo la L, na vinaliwa zaidi pale kwenye kona. Umbo hilo si la urembo. Arthur Clifford Howard, aliyeanza majaribio yake mwaka 1912 Gilgandra, New South Wales, Australia, alikuta visu vyake vya mwanzo vinatupa udongo pembeni. Akavikunja, na udongo ukatulia. Kisu kilichobaki bila kona kinarudi kwenye tatizo lile lile la Howard. Lakini visu ni bolti mbili kila kimoja, unafungua unaweka vipya.

Fundi akaenda kwenye giaboksi. Akafungua kizibo cha oili, akaingiza waya safi, akautoa. Oili ilikuwa ya kijivu kama maziwa yaliyotiwa majivu. Maji yameingia. Akaipaka kwenye ganda la kucha na kuigeuza juani: vimeta, vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa.

"Fundi, hiyo ni sili tu au ni gia?" nikamuuliza.

"Bila kufungua siwezi kukuambia. Na asiyekuruhusu kufungua amekwisha kukujibu."

Tukaomba kufungua kifuniko cha cheni ubavuni. Muuzaji akakataa, akasema gasketi itaharibika. Tukaendelea na tulichoweza kuona. Kwenye ncha ya rota, ile ekseli inayobeba visu, kamba za mifuko na waya zimejizungusha hadi ndani ya sili, mpira unaozuia oili isitoke. Kamba ya namna hiyo hukata mdomo wa sili, oili inatoka, udongo unaingia, beringi inafuata. Fundi akaweka nondo chini ya rota na kuinyanyua. Ilicheza milimita 4 kwa macho tu. Klachi ya kuteleza, ile inayolinda giaboksi kisu kinapogonga jiwe, imeshikana kwa kutu na kuwa kipande kimoja. Rotaveta ikigonga kisiki hivyo, pigo lote linakwenda kwenye gia za trekta langu. Halafu shafti ya PTO iko uchi, haina kinga. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Nguo ikinaswa hapo, mtu hana muda wa kupiga kelele.

Klachi inafunguliwa. Kinga inanunuliwa, na hiyo nisingesubiri hata siku moja. Sili, beringi, cheni, vyote vina bei. Kilichonirudisha nyumbani mikono mitupu ni kwamba uchakavu wa plau niliuona wote, na wa haro niliusikia kwa sikio (ufa ule ulinikwepa kwa uzembe wangu, haukuwa umejificha ndani ya kasha). Wa rotaveta umefungwa ndani ya chuma pamoja na oili chafu, na anayeuza hataki ufunguliwe. Hapo nitakuwa nanunua kitu nisichokijua kwa bei ninayoijua.

Rotaveta itakuwa mpya. Nimeamua.

Siku ya 23

Upana gani? Kwa kukadiria, kila sentimita 30 za rotaveta zinataka nguvu ya farasi 5 kwenye PTO. Trekta langu lina 24 kwenye injini lakini kwenye PTO zinafika 19 hivi. Rotaveta ya sentimita 125 ingefunika nyayo za matairi yote mawili, ila ingetaka karibu 21. Ingefanya kazi kwenye udongo mwepesi, na kwenye mgumu ingelia.

Nimechagua ya sentimita 105, inayoweza kusogezwa upande wa kulia. Inafunika unyayo wa tairi la kulia lote; la kushoto linapita kwenye ardhi ambayo bado haijalimwa, na mzunguko unaofuata unaifikia. Inanidai niwe makini na mwelekeo wa kuzunguka shamba, basi.

Siku ya 26

Rotaveta mpya imefika, na mpya haimaanishi tayari. Giaboksi imekuja kavu kabisa, na karatasi ya onyo imeshindiliwa chini ya plastiki mahali ambapo mwenye haraka asingeiona. Nimejaza oili hadi alama, na upande wa cheni pia. Dakika chache za kazi bila oili zingenipa gia zenye vimeta kama vile nilivyovikimbia Siku ya 21.

Shafti ya PTO ni ndefu mno. Niliinua rotaveta taratibu, injini imezimwa, nikitafuta mahali ambapo nusu mbili za shafti zinakaribiana zaidi. Zilitaka kugongana kabla sijafika juu. Ingelazimishwa, shafti ingesukuma beringi za PTO ndani ya trekta. Nimekata sentimita 6 kila nusu, bomba la nje na la ndani sawasawa, na kinga zake kiasi hicho hicho, nikasugua makali kwa tupa, nikapaka grisi. Kisha nikashusha hadi chini kabisa kuhakikisha nusu hizo bado zinaingiliana zaidi ya theluthi moja.

Klachi nayo nimeilegeza springi zake, nikaiachia iteleze sekunde mbili kuondoa rangi na unyevu, nikazikaza tena kwa urefu ulioandikwa kitabuni. Kila msimu nitairudia.

Siku ya 29

Asubuhi nilichukua udongo konzi moja kutoka kina cha kiganja, nikaufinya, nikaugusa kwa kidole gumba. Ulivunjika. Juzi ulikuwa unabonyea kama unga uliokandwa, na rotaveta kwenye udongo wa hivyo inasugua na kupiga plasta chini ya visu, tabaka gumu ambalo mizizi itagonga. Nilingoja siku mbili na sijutii.

Gia ya kwanza, PTO kwenye 540, kina cha sentimita 10. Baada ya plau na haro, rotaveta ilipita mara moja tu, na hiyo mara moja inatosha; ukipita mara tatu unapata vumbi, na mvua ya kwanza inaligeuza kuwa gamba. Mawe mawili yaligongwa. Mara zote mbili klachi iliteleza kwa mlio mfupi, nikakanyaga klachi ya trekta, nikazima PTO na injini, nikashuka kuyatoa.

Haro ya zamani ilifanya kazi yake kimya. Nyumba ya beringi mpya niliishika kila baada ya saa moja, na ilibaki na joto la mkono.

Siku ya 30

Saa 5 za kazi kwenye rotaveta. Kabla ya kuanza nilikuwa nimechora mstari wa rangi nyeupe juu ya kila bolti ya visu, kutoka kichwani hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili nione iliyosogea. Leo nimepita na spana. Visu ni 24, bolti 48. Mistari 45 bado imenyooka. Mitatu imekatika, yote kwenye duara la mwisho upande wa kushoto. Nimezikaza, nimefuta mistari ile na kuichora upya. Kesho nitaziangalia hizo tatu kwanza kabla sijawasha trekta.